Fundi wa Baiskeli Anajibu: Tairi Lisiloingia, Kotapini na Bomba la Kiti Lililoganda

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Tanga, na sishangai, kwa sababu mji ule ni tambarare, mitaa yake imenyooka, na baiskeli ni chombo cha kila nyumba kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni. Nimezichagua nne.

Swali: Fundi, shikamoo. Nimerithi kutoka kwa babu yangu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, baiskeli nyeusi ya Raleigh yenye breki za fito. Matairi yalikuwa yamepasuka kwa kukaa stoo, nikanunua mawili mapya yaliyoandikwa 28, kama yalivyoandikwa yale ya zamani. Nimehangaika nayo siku mbili, nimetoboa tyubu mbili kwa bisibisi, na mdomo wa tairi haukubali kuvuka ukingo wa rimu. Je, rimu imevimba kwa kutu? Aidha nataka kuifunga gia, kwa kuwa huenda nayo Muheza mara kwa mara. (Msomaji, Makorora)

Jibu: Marahaba. Rimu haijavimba, na hiyo bisibisi irudishe kabatini kabla hujatoboa tyubu ya tatu. Kosa limo katika hilo neno “ishirini na nane”. Inchi 28 ni kipimo cha kukadiria cha tairi kwa nje likiwa limejaa upepo, na rimu za vipenyo tofauti hubeba jina hilohilo. Namba ya kuaminika ni ile ndogo yenye kistari iliyochapwa ubavuni mwa tairi: sehemu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha pale mdomo wa tairi unapokaa kwenye rimu. Baiskeli ya babu yako hutumia 28 × 1½, ambayo kwa namba hizo ni 40-635. Bila shaka ulilouziwa ni 28 × 1.75, yaani 47-622, ambalo ni la baiskeli za siku hizi. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 tu, lakini ukiizungusha rimu nzima inakuwa karibu milimita 41, na waya uliomo mdomoni mwa tairi hautanuki hata kwa milimita moja. Usingeingia hata ungekesha.

Jihadhari pia na namna kipimo kinavyoandikwa. Mwalimu wa hesabu atakuambia kwamba 1½ na 1.50 ni kitu kimoja, na darasani ana haki, ila katika matairi sivyo: tairi la 26 × 1½ hukaa kwenye rimu ya milimita 584, ilhali la 26 × 1.50 hukaa kwenye ya 559. Nenda dukani na tairi lako la zamani mkononi, ulisome mwenyewe. Hutahangaika kulipata, kwa sababu baiskeli za Phoenix kutoka China na zile za Hero kutoka India zilifuata umbo lilelile la Kiingereza, na matairi ya 28 × 1½ bado yanatengenezwa kwa ajili yake. Watu husema Tanga ni waja leo, waondoka leo. Baiskeli hiyo ilikuja na haikuondoka.

Huenda muuzaji akakushauri ubadilishe magurudumu yote mawili uweke ya 622. Usikubali. Breki za fito hazibani rimu ubavuni kama breki za waya. Huvuta mipira juu ikagusa upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama spoki, na rimu ya kazi hiyo ina mifereji miwili ya mviringo iliyokusudiwa mipira hiyo. Rimu ya kawaida haina mifereji hiyo, na ile ya 622 inakaa chini kwa milimita sita na nusu kila upande. Utalazimika kung'oa fito zote na kufunga breki za waya, na hapo kilichobaki cha babu ni fremu na kengele.

Sasa gia. Kitu kinachoifaa baiskeli hiyo ni habu (kitovu cha gurudumu) ya gia tatu ya ndani, na maarufu kuliko zote ni Sturmey-Archer AW, iliyotoka mwaka 1936. Gia ya kwanza hupunguza mwendo kwa robo, ya pili huuacha ulivyo, na ya tatu huuongeza kwa theluthi. Kabla ya kununua, hesabu spoki za gurudumu la nyuma. Baiskeli za Kiingereza za aina hiyo kwa kawaida zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na habu ya mtumba utakayoonyeshwa mara nyingi ina matundu 36. Habu ya 36 haifungwi kwenye rimu ya 40, hata fundi akikuambia kwamba ataruka matundu manne. Ukiipata ya 40, tazama kama ina kitundu kidogo cha mafuta chenye kifuniko. Hapo hutiwa matone machache ya mafuta mepesi, si grisi, kwa kuwa grisi huvigandisha vikonyo vidogo vya ndani na gia huanza kuteleza.

Lakini niseme wazi kwamba kwa safari za mjini gharama hiyo ni ya bure, na hata kwa Muheza kuna njia rahisi zaidi. Hesabu meno. Tuseme gia yako ya mbele ina meno 48 na friwili, yaani gia ya nyuma, 18: kila mzunguko wa pedeli unakupeleka karibu mita 6, na huo ni mzunguko mzito ukikutana na mwinuko au ukibeba gunia. Ukifunga friwili ya meno 22, mzunguko mmoja unakupeleka karibu mita 4.9, na utausikia wepesi huo magotini siku ileile. Hesi (nyuzi za kukazia) za friwili za Kiingereza, Kichina, Kihindi na Kijapani kwa kawaida ni za kipimo kimoja, kwa hiyo hapa hutapata shida, ila cheni itahitaji kuongezwa pingili.

Swali: Pedeli ya kushoto imegoma kufunguka hata baada ya kurefusha spana kwa bomba. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Mabawa)

Jibu: Mwanangu, ulikuwa unaikaza. Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Paka mafuta ya kulainisha, iache mpaka kesho, kisha tumia bomba lako kwa upande huo.

Swali: Fundi, mimi hutumia baiskeli ya kike ya Kiingereza kwenda kazini. Tangu fundi wa mtaani abadilishe kotapini, ninapokanyaga nahisi kama ninachechemea, mguu mmoja ukiwa umeshafika juu na wa pili haujafika chini kabisa. Zaidi ya hapo kuna mlio wa ko, ko, ko. Amesema dawa ni kubadilisha ekseli ya pedeli na vikombe vyake vyote vinavyoshika gololi, aweke vya Phoenix. Nikubali? (Dada wa Chumbageni)

Jibu: Usikubali, dada yangu, angalau si leo. Kuchechemea huko hakuletwi na ekseli. Kotapini ni pini yenye upande mmoja uliochongwa bapa, na bapa hilo ndilo linalolala kwenye mkato wa ekseli na kuushika mkono wa pedeli. Pini mbili lazima ziingizwe kwa kuelekeana kinyume: simamisha baiskeli, weka mikono ya pedeli sambamba na ardhi, kisha tazama. Nati ya upande mmoja ikiwa juu, ya upande wa pili inapaswa kuwa chini. Zikiwa zote juu au zote chini, mikono haitakuwa katika mstari mmoja, nawe utachechemea maisha. Ikiwa zimeelekezwa vizuri na bado hali ni hiyo, basi bapa moja limechongwa zaidi ya jingine. Mwambie fundi azitoe, aziweke sako kwa bako, azilinganishe kwa tupa.

Mlio unatokana na pini kukazwa kwa nati peke yake. Nati haikazi kotapini, huizuia tu isirudi. Pini hupigwa kwanza kwa nyundo, huku mkono wa pedeli ukiwa umeegemezwa chini kwenye kipande cha bomba kizito ili nguvu isiishie kwenye gololi, na nati hufuata baadaye. Mwambie pia kwamba pini za baiskeli za Kiingereza za aina yako kwa kawaida zina unene wa milimita 9.5, na kwamba ya milimita 9 itaingia kwa raha na kulia kwa raha.

Kuhusu vikombe vya Phoenix, nina kisa changu. Nilipokuwa kijana ninayejifunza kazi katika karakana moja ya Ngamiani, niliachiwa Raleigh ya mzee mmoja nibadilishe vikombe vya ekseli ya pedeli. Kikombe kipya kiliingia mzunguko mmoja na nusu kikiwa laini, kisha kikawa kizito, nami nikadhani ni rangi imeziba, nikaongeza spana. Kilipofika nusu nilikiona: grisi iliyokuwa nyeusi imeanza kumetameta kwa chenga za chuma. Sikuwa nakaza kikombe, nilikuwa nasaga fremu. Kwa miaka mingi Raleigh walichonga hesi 26 kwa kila inchi mahali hapo, ilhali kipimo cha Kiingereza kinachotumiwa na wengine wengi, pamoja na Wachina, ni hesi 24. Kwa macho hazitofautiani. Nilimwomba mzee radhi, nikamtafutia fremu nyingine kwa fedha yangu, na tangu siku hiyo hakuna kikombe ninachokiingiza kwa spana kabla hakijazunguka angalau mara tatu kwa vidole. Ikiwa yako ni Raleigh, vikombe vya zamani visafishwe na virudishwe, zibadilishwe gololi tu, ambazo kwa ukubwa wa robo inchi, kumi na moja kila upande, hupatikana popote. Akivifungua, akumbuke kwamba kikombe cha upande wa cheni kina hesi za kinyume.

Swali: Mimi ni mchuuzi wa samaki, Sahare. Nimenunua baiskeli ya mtumba ya Japani, fremu ya chuma na bomba la kiti la aluminiamu. Nataka kupandisha kiti lakini bomba halitoki wala halizunguki. Rafiki yangu anataka kulichoma kwa moto wa gesi. (Msomaji, Sahare)

Jibu: Mzuie rafiki yako. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi yote, na wewe hubeba maji ya chumvi kila siku. Moto utazidisha ubaya, kwa kuwa aluminiamu hutanuka kuliko chuma, na bomba lako ndilo lililo ndani. Kinachotakiwa ni baridi, na hiyo unayo kwenye kasha lako la samaki. Legeza bolti ya kubana, tia mafuta ya kupenyeza kwenye mwanya kwa siku mbili, asubuhi na jioni, ukiigeuza baiskeli kichwa chini usiku mmoja ili yapenye kutoka ndani. Siku ya tatu ondoa kiti, jaza barafu iliyopondwa ndani ya bomba, subiri robo saa, kisha ubane ncha ya bomba kwenye jiliwa na uizungushe fremu nzima kwa mikono miwili. Zungusha kwanza, kuvuta ni baadaye. Litakapokubali utasikia mlio mkali kama wa mlango wa zamani.

Likitoka, soma namba iliyogongwa karibu na mwisho wake, kwa mfano 25.4, na usinunue jingine lililopungua hata kwa nusu ya milimita, kwa sababu utakaza bolti mpaka masikio ya fremu yapinde na kiti bado kitashuka. Sugua ndani ya fremu kwa msasa uliozungushwa kijitini, paka grisi nyingi, na ulitoe bomba kulipaka upya kila baada ya miezi mitatu maadamu unabeba samaki.