Vaishno Devi na magoti ya mama

Dada, umeuliza kama mama yako mwenye magoti mabovu ataweza kufika Vaishno Devi, lile hekalu la mungu mke wa Kihindu lililo pangoni mlimani, India. Ataweza, ila asitembee njia yote. Kutoka Katra, mji ulio chini ya mlima, hadi pangoni ni kama kilomita 13 za kupanda mlima. Njia imesakafiwa vizuri, kinachochosha ni mwinuko. Kuna farasi wadogo, kuna machela ya kubebwa na watu wanne, na helikopta inayotua Sanjichhat, karibu na pango. Kwa magoti mabovu mimi nisingechagua farasi: kwenye kushuka utamsikia mama akilia. Hiyo helikopta mkate tiketi mapema, na msiitegemee sana, ukungu ukishuka hairuki.

Kadi ya usajili mchukue Katra kabla ya kuanza safari. Simu na mikanda ya ngozi mtaviacha kwenye makabati kabla ya kuingia.

Mwambie mapema asitarajie sanamu. Ndani kuna jiwe moja lenye vichwa vitatu, ndiyo Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati, sura tatu za mungu mke huyo, na ukishasimama mbele yake ni sekunde chache tu, kuhani anakupaka tika (alama ya kwenye paji la uso), foleni inakusukuma. Wengi hutoka wakiuliza, "Mungu mke mwenyewe yuko wapi?"

Halafu bado kuna hekalu la Bhairon, juu zaidi. Waumini husema bila kufika kwake hija haijatimia. Hapo msihangaike, tangu 2018 kuna kigari cha kamba kutoka Bhawan, yaani hapo penye pango.

Na sweta! Usiku kule ni baridi hata Juni.