Kabla ya Milinganyo, Tazama Utando wa Sabuni

Wanafunzi wa fizikia hapa Kampala huniuliza waanzie wapi wakitaka kuelewa nanofotoniki, yaani elimu ya kuongoza mwanga kwa vitu vidogo mno, hasa skrini zinazobadili rangi kwa umeme bila taa ya nyuma. Jibu langu ni lile lile: tafuta waya, maji na sabuni.

Pinda waya uwe duara, uchovye, kisha uushike wima penye mwanga, nyuma yake pawe na kitambaa cheusi. Mistari ya waridi na kijani itaanza kushuka, maana maji yanateremka na utando unazidi kukonda juu. Karibu na kupasuka, sehemu ya juu kabisa hugeuka nyeusi: ni nyembamba mno, hata mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele na ule wa uso wa nyuma unafutana. Hakuna rangi iliyotiwa mle. Unene ndio unaochagua rangi. Mimi nilisoma kanuni hii miaka mingi, lakini niliielewa siku nilipoisubiri hiyo sehemu nyeusi itokee.

Likishakukaa hilo, kifaa chenyewe hakitakutisha. Mwaka 2014 watafiti wa Oxford walionyesha utando wa aloi ya gemani, antimoni na teluri, wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu, uliobanwa kati ya tabaka angavu zinazopitisha umeme. Umeme ukibadili mpangilio wa atomu, utando unaathiri mwanga kwa namna nyingine na rangi inageuka, kisha inabaki hivyo bila kula umeme. Mtu wa boda pale Wandegeya, anayekinga simu kwa kiganja saa saba mchana, angefaidika sana na skrini inayolitumia jua badala ya kushindana nalo.

Kwa upande wa vihisi, yaani vifaa vya kupima mwanga, utando wa namna hiyo unaweza kuwekwa kama kichujio juu ya kipokea mwanga, ukachagua wimbi moja la mwanga baada ya jingine. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, iliyo jirani yake. Fikiria mkulima wa kahawa akiwa na kihisi kama hicho mfukoni! Kwangu, hapa ndipo vijana wetu wangeweka nguvu.

Usikimbilie kununua leza. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, uandike programu fupi ya kukokotoa mwanga unaorudi kutoka tabaka mbalimbali. Laptopu ya kawaida inatosha. Anza na tabaka moja la maji, ulinganishe na rangi ulizoziona kwenye waya.