Kabla hujawasha kamera Mombasa

Vijana wakiniuliza wanunue kamera gani, mimi huwarudishia swali: huyo utakayempiga picha analala wapi usiku? Mimi ni shoga, natengeneza filamu zangu mwenyewe hapa Mombasa, na pesa hutoka kwenye harusi, upande wa wanaume. (Wengine wasingeniita lau wangejua.) Kamera ile ile ya harusi yatosha. La kuumiza kichwa ni mtu.

Kufunika uso ni kazi ndogo. Mji huu watu hutambuana kwa sauti, kwa mwendo, hata kwa kikohozi. Juzi nilikuwa nahariri mahojiano niliyorekodi chumbani Mji wa Kale. Uso haupo, mikono tu inamenya viazi. Nikavaa hedifoni, nikasikia nyuma ya maneno yake muuza kahawa akigonganisha vikombe, halafu mwadhini akaanza. Kwa mgeni hayo ni madoido. Kwa mwenyeji ni anwani kamili, msikiti fulani, kichochoro fulani. Sauti yote nikaitoa, maneno yake akayasoma mtu mwingine. Na leso iliyotundikwa mlangoni nayo nikaiondoa kwenye picha.

Kadi ya kamera nakili usiku huohuo kwenye diski yenye nywila, kisha ifute. Ridhaa nayo iombe tena kazi ikishahaririwa. Mtu hukubali akiwa amegombana na nduguze, kisha wakapatana. Akisema toa, toa, hata kama ndipo patamu.

Leseni je? Mwaka 2014, Stories of Our Lives, filamu ya Kenya kuhusu maisha ya watu kama sisi, ilipopigwa marufuku, mtayarishaji wake mkuu alikamatwa, na kosa lililotajwa lilikuwa kupiga filamu bila leseni. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, yataka maelezo ya matukio pamoja na maneno yote yatakayosemwa, kwa hivyo kaa na wakili kabla ya kujaza fomu. Filamu ya Rafiki, ya wasichana wawili wapendanao, ilifungiwa Aprili 2018, Mahakama Kuu ikairuhusu siku saba tu mwezi wa Septemba. I Am Samuel, filamu kuhusu maisha ya shoga Mkenya, ikafungiwa 2021. Bajeti yako isitegemee tiketi za Kenya.

Wafadhili wa nje nao wana lao: wengi huniuliza kipigo kiko wapi, machozi yako wapi. Nikiwaonyesha watu wakipika na kutaniana, hawajibu barua pepe. Basi hurudi kwenye harusi, na kabla ya Ramadhani ni tele.