Kabla Hujachomea Chesisi, Azima Timazi

Wiki jana kijana mmoja wa Kisumu aliniandikia. Amepata Ford Prefect ya miaka ya mwanzo ya hamsini imelala chini ya mwembe kule Maseno, na mwenyewe yuko tayari kuitoa kwa bei ya vyuma chakavu. Anataka kuikata aifanye hotirodi: injini ya Toyota, matairi mapana nyuma, mbele ishuke hadi ionekane kama inanusa lami. Aliniuliza maswali matatu. Rangi gani? Injini gani? Rimu gani?

Chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote, hakuitaja. Springi za mbele hakuzitaja.

Ndugu yangu, sikukujibu siku ile kwa sababu niliposoma ujumbe wako nilijiona mwenyewe miaka minne iliyopita, na bado inauma. Leo nakujibu, na wengine wenye ndoto kama yako wasome pia.

Mimi nilinunua Land Rover Series III ya 1974, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kutoka shamba moja la Mau Narok. Ilikuwa ikibeba maziwa na mbegu za viazi. Bodi ilikuwa imenyooka hata nikashangaa, na hapo ndipo nilipodanganyika. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Waingereza walipoizindua mwaka 1948 chuma kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, wakatumia aluminiamu. Kwa hiyo juu unaona gari zima, na chini chesisi, ambayo ni chuma, inaliwa kimyakimya kama mahindi yenye fukusi. Chesisi yenyewe ni boksi, mabamba manne yaliyochomelewa pamoja. Matope ya Mau yanaingia ndani, yanakaa, yanashika unyevu, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Siku utakayoiona nje, ujue ndani imekwisha zamani.

Chukua nyundo ndogo ulale chini ya gari. Gonga kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama gome la mti. Mimi sikugonga. Nilikuja kujua baada ya kufika nyumbani Kiamunyi na kuosha matope, nilipobonyeza kwa kidole gumba pale springi ya mbele inaposhikwa, na kidole kikaingia.

Miezi ya kufungua nati zilizoshikana sitaisimulia. Nilipeleka gari kwa gereji moja hapa mjini Nakuru niliyoelekezwa na rafiki. Nilimwamini yule fundi kwa sababu aliongea kwa uhakika na alikuwa na mashine nzuri ya kuchomea. Aliinua gari kwa jeki mbili na mawe, injini na giaboksi vikiwa bado ndani, akakata kulia na kushoto siku moja, akachomea viraka, akapaka juu andasili, ile rangi nzito nyeusi ya kuzuia kutu. Nikalipa elfu sitini na tano. Kisha nikapeleka gari kupakwa rangi ya kijani ya zamani, nikanunua matairi mapya, nikapiga picha. Ilipendeza, siwezi kukataa.

Jumapili ya kwanza niliichukua kwenda Njoro. Kwenye kilomita hamsini kwa saa usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kwenye sitini, nilipopita kishimo kidogo tu, magurudumu ya mbele yakaanza kutetemeka, usukani ukanitoka mikononi, gari zima likatikisika kama ungo unaopepeta. Nilisimama kando ya barabara magoti yakigongana. Rafiki aliyekuwa akinifuata kwa gari lake aliniambia, "Kaka, gari yako inakimbia kama mbwa. Mbele inaenda huku, nyuma inafuata njia yake." Alikuwa ameshika simu. Jioni ile video ilikuwa kwenye kundi letu la wapenda magari ya zamani, na watu walicheka siku tatu. Nilijiondoa kwenye kundi. Sijarudi hadi leo.

Nilirudi kwa fundi. Akaniambia, "Mzee, gari za zamani ndivyo zilivyo." Maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko pesa. Si kweli. Magari haya yalitengenezwa kwa vipimo, na yalikuwa yakienda sawa yalipotoka kiwandani. Asiyejua kupima ndiye anayesema uzee ni ugonjwa. Tafadhali, ukisikia fundi anakuambia hivyo, chukua funguo zako uondoke.

Aliyeniokoa hakuwa fundi wa magari. Ni jirani yangu, mzee wa Kakamega aliyejenga nyumba maisha yake yote. Alikuja akatazama gari, akaniuliza, "Umepima kona?" Nikamwambia alainimenti, yaani kunyoosha matairi, bado. Akasema, "Siulizi matairi. Nauliza msingi." Akaenda kwake akarudi na timazi, ule uzi wenye kizito mwishoni, chaki na mpira wa maji.

Tulitoa bodi yote. Tukaweka chesisi juu ya stendi nne kwenye sakafu ya simiti, tukafagia hadi vumbi likaisha. Kwa mpira wa maji akasawazisha pembe nne, yeye kona moja, mimi nyingine, tukisubiri maji yatulie. Kisha akaanza na timazi. Alishika uzi katikati ya bolti ya springi, akaacha ile pia, yaani kizito cha shaba chenye ncha, ishuke, akaisubiri iache kuzunguka. Ilichukua muda. Hakuigusa, hakuiharakisha. Ilipotulia, nikachora msalaba mdogo wa chaki chini ya ncha yake. Tukafanya hivyo kwenye bolti zote za springi, mbele na nyuma. Tulipomaliza tukasukuma chesisi kando, na pale sakafuni ikabaki alama tupu, kama ramani ya nyumba kabla ya kuchimba.

Tukavuta tepu kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Mistari hiyo miwili inapaswa kulingana. Yangu ilitofautiana milimita 14. Na upande wa kushoto, kishikio cha springi ya mbele kilikuwa kimechomelewa juu kuliko mwenzake.

Hapo nikaelewa kwa nini usukani ulitetemeka. Kwenye Land Rover hii ekseli ya mbele imelala juu ya springi za bamba, na kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele yanageukia, zinatakiwa kuinama nyuma kidogo, nyuzi 3, ndicho kinachoitwa kasta. Kasta ndiyo inayofanya magurudumu yatake kurudi kati yenyewe. Haina bolti ya kurekebisha. Inatokana na mahali springi ziliposhikwa kwenye chesisi. Ukichomea kishikio vibaya, umeharibu usukani bila kuugusa usukani.

Tulikata viraka vyote tukaanza upya. Kabla ya kukata tulichomea engo-laini, vyuma vya pembe, kukatiza kutoka reli moja ya chesisi hadi nyingine ili chesisi isisogee. Tulishughulika na upande mmoja hadi ukaisha, ndipo tukahamia wa pili. Tulichomea vipande vifupi, hapa kidogo, kule kidogo, tukaacha vipoe, kwa sababu moto unavuta chuma. Kila jioni tulipima kona. Kila jioni, wapendwa. Mwishoni tofauti ilikuwa milimita 2.

Tukaja kwenye springi. Nilikuwa nimezifunga kinyume. Springi ya upande wa dereva si sawa na ya abiria, kwa sababu tanki la petroli la hii fupi liko chini ya kiti cha kulia na dereva naye anakaa huko huko. Na bushi zake, zile raba za kwenye macho ya springi: bolti zake usizikaze gari likiwa juu hewani. Zifunge kwa mkono, shusha gari likanyage magurudumu yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Ukikaza hewani raba inajikunja, inabaki imejisokota siku zote, inachanika mapema na gari linasimama juu kuliko inavyotakiwa. Mimi nilinunua bushi mara mbili kwa kutojua hilo.

Kuna kitu kingine ndani ya ule mhimili wa mbele wa chesisi, kisanduku cha duara kinachopitisha usukani kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ndani mna springi iliyobanwa kwa nguvu za kuvunja taya. Usikifungue kikiwa mbele ya uso wako. Kifunge kwa klampu kwanza.

Alainimenti ilikuja mwisho kabisa: matairi ya mbele yatazamane kidogo tu kwa mbele, kati ya milimita 1.2 na 2.4. Watu wanaanza na hiyo kwa sababu ni rahisi kulipia.

Sasa, kijana wangu, Prefect yako. Mbele ina springi moja tu iliyolala kukatiza gari, tofauti na yangu. Springi hiyo inabeba uzito, lakini haiwezi kuizuia ekseli isiende mbele na nyuma. Kazi hiyo inafanywa na zile fimbo zinazotoka kwenye ekseli kurudi chini ya chesisi. Zikague kabla ya kitu chochote, na kiungo chake cha katikati. Ekseli yenyewe ni chuma cha kufuliwa, usikubali mtu aipige weldingi au aipashe moto kuikunja. Wala springi. Na ukishusha mbele ili inuse lami, kasta inabadilika, gari linaweza kuanza kutangatanga barabarani. Kwa hiyo pembe uipange upya, usiiache ijipange.

Injini ya Toyota uliyoitaja ina nguvu nyingi kuliko ile ya cc 1172 ambayo Prefect ilitoka nayo. Reli zile nyembamba hazikutengenezwa kwa msukosuko huo. Utaziongezea nguvu, utaweka breki zinazolingana, na utapeleka gari NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama, likaguliwe na logibuku ibadilishwe. Nilimwona mtu akitumia miaka miwili kwa rangi na kromu na hadi leo hajapita geti lake. Usiwe yeye. Tunaipenda sana ile siku ya picha, hatuipendi siku ya kulala chini na nyundo, na ndiyo maana mashamba yetu yamejaa magari mazuri yasiyotembea.

Mwezi uliopita nilitoka Nakuru alfajiri, nikapita Salgaa, Mau Summit, nikashuka Kericho ukungu ukiwa bado kwenye majani chai. Baada ya Awasi barabara ikanyooka. Nililegeza vidole, usukani ukaning'inia tu kwenye viganja vyangu, na gari likashika mstari wake hadi Ahero. Mzee alikuwa kiti cha kushoto, hakusema neno. Aliweka mkono nje ya dirisha, akapiga mlango makofi mawili.

Mwezi ujao tunapita tena huko, tukielekea kwao. Tutapitia Maseno. Usiguse grainda mpaka tufike. Fagia tu sakafu, na timazi tutakuja nayo.