Maswali Yenu: Gregory Peck na Wahusika Aliowatoa Vitabuni

Barua nyingi za safari hii zinamhusu Gregory Peck, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa 1916 na kufariki 2003. Karibu zote zinauliza kuhusu filamu zake zilizotokana na vitabu, na wanaouliza hawajakosea. Peck aliteuliwa mara 5 kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, na filamu zote 5 zilitokana na riwaya: The Keys of the Kingdom, The Yearling, Gentleman's Agreement, Twelve O'Clock High na To Kill a Mockingbird. Aliipata mara moja tu, kwa hiyo ya mwisho.

SWALI: Nimeona filamu moja tu ya Peck, ile ya wakili, To Kill a Mockingbird. Nikitaka kuendelea nianzie wapi? Na je, nisome kwanza au nitazame kwanza? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Soma kwanza. Kwa waigizaji wengine tungekuambia ufanye upendavyo, lakini Peck hakuwa mtu wa kubadili sura na sauti kila filamu. Ni yuleyule mrefu mwenye sauti nzito isiyo na haraka, na uso wake hausemi mengi. Ustadi wake uko katika kuzuia. Aliyekwisha kusoma anajua mhusika anafikiri nini, kwa hiyo anaona kinachozuiwa. Asiyesoma anaona mtu amesimama, na ndipo wengine humwita mkavu.

Anza na hadithi fupi ya Hemingway ya mwaka 1936, "The Short Happy Life of Francis Macomber". Inasomeka kwa mkao mmoja. Kisha tazama The Macomber Affair ya 1947, ambamo Peck ni Robert Wilson, mzungu anayeongoza matajiri kwenye uwindaji. Hadithini tunasikia mawazo ya Wilson: jinsi anavyomdharau mteja wake, Francis Macomber, aliyemkimbia simba, na jinsi anavyoanza kumheshimu siku inayofuata. Filamu haina njia hiyo. Peck anaifidia kwa kuchelewa kujibu. Macomber anauliza, Wilson anamtazama, halafu ndipo neno linatoka. Hesabu hizo sekunde.

Filamu inapotea mahali pawili. Hadithi inamalizika muda mfupi baada ya mke wa Macomber kufyatua risasi inayomuua mumewe, na hatuambiwi waziwazi alikusudia nini. Filamu imeongeza mwanzo na mwisho wa Nairobi pamoja na uchunguzi wa kifo. Tena imemfanya Wilson ampende Bibi Macomber. Wilson wa Hemingway husafiri na kitanda cha watu wawili kwa ajili ya wake za wateja, na hilo peke yake linakuonyesha umbali uliopo. Mbele ya nyati Peck ni Wilson halisi. Mbele ya Bibi Macomber ni mtu mwingine kabisa.

Kuna jambo la kumgusa msomaji wa Kiswahili hapa. Mbeba bunduki hadithini anaitwa Kongoni, na Wilson anamkaripia mtumishi kwa Kiswahili mbele ya mgeni asiyekielewa. Macomber anapouliza amesema nini, Wilson anajibu kwamba ametishia viboko kama 15. Isome sehemu hiyo polepole kabla hujamwona Peck katika nguo safi za uwindaji.

Baada ya hapo nenda The Snows of Kilimanjaro, kisha To Kill a Mockingbird ukiwa na kitabu mkononi. Moby Dick iwe ya mwisho.

SWALI: Naongoza watalii mlimani. Wageni hutaja The Snows of Kilimanjaro, mmoja anasema mhusika mkuu anakufa, mwingine anasema anapona. Na chui aliyeganda ni kweli? (Mwongoza watalii, Moshi)

JIBU: Wote wawili wako sahihi. Anayekufa ni Harry wa kitabuni, anayepona ni Harry wa Peck. Katika hadithi ya Hemingway (1936), Harry anachomwa na mwiba, anapuuza kupaka iodini, mguu unaingia donda ndugu, na lori limeharibika. Ndege inafika na kumpeleka kuelekea kilele cheupe. Tunaisoma safari hiyo kama jambo la kweli, hadi fisi analia usiku, mke anaamka na kukuta pumzi imekwisha. Ndege ilikuwa ya ndotoni. Filamu ya Henry King ya 1952 iliukataa mwisho huo. Mke, anayeigizwa na Susan Hayward, anakipasua kidonda mwenyewe, na asubuhi ndege ya kweli inatua.

Kumwokoa Harry kumeigharimu filamu kitu kikubwa. Harry wa kitabuni ameoza moyoni kabla ya mguu, na anamtukana mkewe kwa ufundi wa mwandishi anayejua neno lipi linauma. Peck anayasema maneno makali, lakini majuto yanawahi kuonekana usoni. Hata hivyo, vipande vya kambini, akiwa amelala hana ila sauti na macho, ndivyo bora kuliko vyote vya kumbukumbu za Paris na mpenzi wake wa zamani, anayeigizwa na Ava Gardner.

Kuhusu chui anayetajwa mwanzoni mwa hadithi, ndiyo. Mzoga ulioganda ulionekana juu kule miaka ya 1920, na hadi leo kuna mahali panaitwa Leopard Point. Wageni uwasahihishe kitu kimoja: Hemingway ameandika urefu wa futi 19,710, yaani kama mita 6,008, na mlima wetu una mita 5,895. Wakiuliza kambi ya Peck ilikuwa wapi, waambie waigizaji wakuu walipigwa picha studioni California. Mwandishi mwenyewe ndiye aliyefika huku. Januari 1934, katikati ya safari ya uwindaji Tanganyika, aliugua kuhara damu akapelekwa Nairobi kwa ndege.

SWALI: Hapa kwetu tunajua manahodha. Wanasema Peck alishindwa kuwa Nahodha Ahab kwenye Moby Dick. Nyinyi mnasemaje? (Mpenzi wa filamu za bahari, Mombasa)

JIBU: Tunakubali nusu. Katika sura ya 132 ya riwaya ya Melville (1851), ya nahodha anayemsaka nyangumi mweupe aliyemkata mguu, Ahab anasema alimchoma nyangumi wake wa kwanza akiwa na miaka 18, na imepita 40 tangu hapo. Basi ana miaka 58. Peck alipoanza kazi hiyo chini ya mwongozaji John Huston mwaka 1954 alikuwa na 38. Kovu la usoni na mstari mweupe kichwani havitoshi kuongeza miaka 20 ya chumvi na hasira.

Ila umri si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba Ahab hazuii kitu. Anasema kwa sentensi ndefu za jukwaani, zenye mwangwi wa Biblia, na kila alichonacho kinamwagika sitahani. Mwigizaji ambaye silaha yake ni kubana maneno amepewa mtu anayeyatema. Tazama anapopigilia sarafu ya dhahabu mlingotini na kuwaapisha mabaharia (sura ya 36): sauti inasukumwa kutoka kifuani, mabega yamekaza, na unamwona Peck akifanya kazi kuliko unavyomwona Ahab.

Kisha nenda kwenye mazungumzo na Starbuck, msaidizi wake mkuu melini, kabla ya kumfukuza nyangumi, ambayo msingi wake ni sura hiyo ya 132. Hapo Ahab anachoka, anashuka, anamtazama mwenzake kama binadamu. Peck anarudi kwenye uwezo wake na kipande kizima kinatulia.

Na mwisho wenyewe ni mzuri kuliko wanavyoukubali wapenzi wengi wa kitabu. Katika riwaya, kamba ya chusa inamnasa Ahab shingoni na kumtoa mashuani kufumba na kufumbua, hata wenzake hawajui ameondoka. Anayeonekana amefungwa ubavuni mwa nyangumi ni Fedallah, mhusika mwingine. Huston na Ray Bradbury, walioandika mswada, walimwondoa Fedallah kabisa na kumpa Ahab kifo chake. Maiti imefungwa kwa kamba, bahari inautikisa mkono, na mabaharia wanaona nahodha anawapungia wamfuate. Peck hasemi neno. Hakuna kipande cha filamu hiyo kinachokaa kichwani zaidi.

Ukishindwa kuzimaliza sura 135, soma ya 9, 28, 36, kisha 132 hadi 135. Ya 9 ni mahubiri ya mchungaji Father Mapple, ambayo katika filamu ya Huston ya mwaka 1956 yalitolewa na mwigizaji Orson Welles. Mwaka 1998 Peck aliyatoa mwenyewe kwenye tamthilia ya televisheni ya riwaya hiyohiyo, akapata tuzo ya Golden Globe. Yaweke mahubiri hayo mawili pamoja. Uzee uliokosekana kwa Ahab unausikia hapo.

SWALI: Nafundisha fasihi. Nataka kutumia To Kill a Mockingbird kuonyesha tofauti ya riwaya na filamu, nina vipindi viwili vya dakika 40. Nifanyeje? (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, usionyeshe filamu nzima. Ina zaidi ya saa 2, na wanafunzi wakimaliza watakuorodheshea yaliyoachwa, basi. Chukua vipande viwili tu. Kwa asiyeijua hadithi: wakili Atticus (Peck), baba wa Jem na wa msimulizi Scout, anamtetea Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka binti wa Bob Ewell.

Cha kwanza ni mate. Mwanzoni mwa sura ya 23 Bob Ewell anamtemea Atticus usoni mjini, lakini msimulizi hakuwepo. Tunapata habari kwa mdomo wa jirani, pamoja na jibu la mzaha alilotoa Atticus. Wasome, ni ukurasa mmoja. Kisha onyesha filamu: tukio limehamishiwa nje ya nyumba ya familia ya Tom Robinson, mtoto Jem anaona kutoka garini, na mzaha umeondolewa. Peck anasogea hatua, anasimama, anatoa leso na kujifuta. Onyesha mara mbili, ya pili bila sauti. Uliza swali moja: hasira iko wapi? Usikubali jibu la "usoni". Wakutajie mkono, mguu, pumzi, muda. Dakika 25 zinatosha.

Cha pili ni hotuba ya majumuisho, sura ya 20, nayo ipe muda uliobaki wote. Filamuni inachukua zaidi ya dakika 6. Anza na sauti peke yake, ufunike skrini, wanafunzi wafuate kitabuni na kupiga mstari chini ya kila kilichobadilishwa. Halafu rudia na picha. Wakifika mwishoni watagundua jambo zuri. Kitabuni Atticus analiambia lile jopo la raia 12 lifanye wajibu wake kwa jina la Mungu, sauti yake inashuka, na Scout hasikii neno la mwisho. Jem ndiye anayemwambia kwamba anadhani baba amesema, kwa jina la Mungu, mwaminini. Filamuni Peck analitamka, na anamtaja Tom Robinson kwa jina. Kitabu kinatunza siri ya sikio la mtoto. Filamu haiwezi, kwa sababu kamera iko karibu na baba kuliko mtoto alivyokuwa.

Vilevile waangalie mavazi. Sura hiyo inasema Atticus alifungua vifungo, akalegeza tai na kuvua koti, kitu ambacho watoto hawajawahi kumwona akifanya mbele ya watu. Waache wenyewe waone filamu imelitumiaje.

Kosa la kawaida la somo hili ni kumfanya Peck awe kesi nzima. Mwambie kila mwanafunzi, wakati wa kurudia, amtazame Brock Peters, aliyeigiza Tom Robinson, na watu weusi waliokaa ghorofani. Peck mwenyewe, baada ya kuona filamu ilivyokatwa mara ya kwanza, aliandika kutaka Atticus aonekane zaidi, na filamu ikaelemea upande huo. Riwaya ina sura ya 12, ambamo Calpurnia, mpishi mweusi wa nyumbani kwa Atticus, anawapeleka watoto kanisani kwake na tunawaona watu weusi wa mji ule wakiwa mahali pao wenyewe. Kwenye filamu kanisa hilo halipo. Tunamheshimu sana Peck katika uhusika huu, na hilo bado ni pengo.

SWALI: Nakala yangu ya Snows of Kilimanjaro imefifia rangi na watu wamekuwa wanene. Moby Dick nayo ina rangi zilizopauka. Ni televisheni? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni mambo matatu tofauti. Unene ni mpangilio wa televisheni. Filamu ya 1952 ilipigwa kwa picha inayokaribia mraba, na televisheni yako inaivuta ijaze kioo kipana. Weka uwiano wa 4:3 na ukubali pande mbili nyeusi. Kufifia ni kwa nakala yenyewe: Marekani hakimiliki ya filamu hiyo haikuhuishwa, hivyo yeyote aliuza alichokuwa nacho, hata kilichonakiliwa kutoka mkanda uliochakaa. Nakala nzima ya Technicolor, mfumo wa rangi uliotumika kuipiga, ina wekundu na kijani kilichokolea. Tafuta nakala iliyotolewa kwa jina la studio ya 20th Century Fox.

Moby Dick usiiguse. Huston na mpiga picha Oswald Morris walichanganya rangi na picha ya kijivu makusudi ili ifanane na michoro ya zamani ya uwindaji wa nyangumi. Ukiongeza rangi kwa rimoti unawaharibia kazi. Na katika filamu zote, zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo. Unaongeza picha ambazo hazikupigwa, na ukimya wa Peck unakuwa kama wa tamthilia ya mchana.

SWALI: Ni kweli Harper Lee, mwandishi wa To Kill a Mockingbird, alimpa Peck saa? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Kweli. Ilikuwa saa ya mfukoni ya baba yake, A. C. Lee, wakili wa Monroeville, Alabama, aliyekuwa kielelezo cha Atticus. Mzee huyo alifariki Aprili 1962, miezi michache kabla filamu haijatoka. Usiku wa tuzo, Aprili 1963, Peck alikwenda nayo.