Ndizi mbili tu, eti nimemaliza sukari ya siku?

SWALI: Shikamoo dada. Nimepakua apu ya kuhesabu chakula nikaiwekea sukari isizidi gramu 25 kwa siku. Juzi asubuhi nimekula ndizi mbivu mbili na glasi ya maziwa, sukari sijatia hata chembe, apu ikawa nyekundu eti nimepitiliza. Niache matunda? Na chai siku hizi natia asali, hiyo si ya asili?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ndizi usiache tafadhali! Apu yako inajumlisha sukari zote pamoja, wakati hiyo gramu 25, kama vijiko 6 vya chai, inatokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, na wenyewe hawakuwa wanaongelea ndizi. Walisema sukari huru (yaani ile inayotiwa kwenye chakula au kinywaji, pamoja na ya asali na juisi) isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ukishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ndo hapo 25 inapotokea. Sukari iliyomo kwenye tunda zima na kwenye maziwa haihesabiwi humo. Ndizi unaitafuna, ina nyuzinyuzi, inashibisha. (Mwenye kisukari yeye hesabu yake ni nyingine, hata tunda apange kiasi na daktari wake.)

Ila asali pole sana, inahesabika, hata kama imetoka mzingani jana. Juisi nayo hivyohivyo hata ukamue mwenyewe usitie kitu, maana machungwa manne yanaingia glasi moja unaishusha kwa mafunda matatu, sasa hayo manne ungekaa kuyamenya na kuyala yote kweli?

Mi kinachonitia wasiwasi ni chai zetu jamani. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, tayari gramu 24 na hujagusa soda, ambayo chupa ya mililita 300 peke yake ina kama gramu 32.

Mtindi wa ladha, lebo nyingi zinaandika jumla ya sukari tu, kwahiyo kumbuka maziwa yenyewe yana kama gramu 5 kwa kila 100, ukikuta 12 ujue kama 7 hivi zimeongezwa. Na kama apu yako ina sehemu ya sukari ya kuongezwa, hamishia lengo lako huko, alafu asali na juisi uziandike mwenyewe kwa mkono.