Abiria "amelipa", "amelipiwa" au "amelipwa"?

Msomaji wetu wa Langoni, Lamu, ameandika hivi: "Mwalimu, salaam aleikum. Natunza daftari la vyombo vinavyovusha watu na mizigo baina ya Amu na Mokowe. Siku hizi ni hifadhidata ya kompyuta. Ndani yake malipo yako kwa tarakimu, 1 na 0, nami nimeandika msimbo unaozigeuza ziwe maneno jedwali linapofunguliwa. Penye 1 hutoka 'Imelipwa', penye 0 'Haikulipwa'. Wazee wa gatini wanasema maneno hayo hayakai. Nikabadilisha upande wa abiria nikaweka 'Amelipwa', wakakataa zaidi. Niandikeje? Na je, niandike 'vyombo' au 'zombo'?"

Waaleikum salaam. Wazee wako wana haki, na waliposikia "amelipwa" walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kukataa. Kitenzi "lipa" kinamruhusu mtu kusimama upande wowote wa pesa, na viambishi ndivyo vinavyotueleza yuko upande gani. Abiria amelipa: katoa nauli yake. Abiria amelipiwa: nauli imetolewa na mwingine, kama mtoto anayevushwa na shangazi yake. Abiria amelipwa: yeye ndiye aliyepokea, kama baharia apewavyo ujira wake jioni. Mwenye chombo akilisoma jedwali lako kama lilivyo, ataona abiria wote wa siku hiyo wamepewa pesa.

Jahazi nalo halilipi wala halilipwi, hulipiwa. Kwa hiyo ni "jahazi limelipiwa ushuru". Punda anayevushwa, ingawa jina lake halibadiliki katika wingi, ni kiumbe hai, basi ni "punda amelipiwa", wala si "imelipiwa". "Imelipwa" yako moja haiwezi kuwabeba wote hawa.

Lakini lililonigusa zaidi ni lile "haikulipwa", ambalo hukuliuliza. Kiswahili kina namna mbili za kukanusha jambo hili, na tofauti yake ni kubwa. "Hajalipa" maana yake mpaka sasa pesa hazijatoka, ila nafasi bado ipo. "Hakulipa" maana yake wakati ulipita na pesa hazikutoka. Chukua abiria aliyeandikisha safari ya kesho asubuhi. Karani akifungua jedwali leo jioni na kukuta "hakulipa", mtu huyo amekwisha kuwekwa kwenye hesabu ya wadaiwa kabla hata ya kufika gatini. Tarakimu 0 haiwezi kukueleza ni ipi kati ya hizo mbili. Habari hiyo imo katika safu ya tarehe, kwa hiyo msimbo wako lazima usome safu zote mbili ndipo uchague neno.

Nashauri uanze na kichwa cha safu. Usiite safu hiyo "Malipo" kisha ukaacha kila mstari ujitafutie kiima chake. Iite "Nauli", halafu vitenzi vyote chini yake vipatane na nauli: imelipwa, haijalipwa, haikulipwa. Hapo haidhuru kama mstari ni wa mtoto, mzee au punda, maana tunayemsema si yeye tena, ni nauli. Safu ya chombo iite "Ushuru", na vitenzi vifuate: umelipwa, haujalipwa, haukulipwa. Msimbo wa nauli, kwa SQL, lugha ya hifadhidata, unaweza kuwa hivi (NULL ni seli tupu, CURRENT_DATE ni tarehe ya leo):

CASE
  WHEN nauli_imelipwa IS NULL THEN 'haijulikani'
  WHEN nauli_imelipwa = 1 THEN 'imelipwa'
  WHEN tarehe_ya_safari >= CURRENT_DATE THEN 'haijalipwa'
  ELSE 'haikulipwa'
END AS nauli

Masharti husomwa kuanzia juu, na la kwanza lililo kweli ndilo linalotoa neno, kwa hiyo mpangilio wake usiuvuruge. Mstari wa kwanza ni wa seli tupu. Seli tupu si sawa na 0. Sifuri ni karani aliyeandika kwamba pesa hazijaingia, na utupu ni karani ambaye hakuandika kitu. Ukiuondoa mstari huo, kila mtu ambaye karani alimsahau ataangukia "haijalipwa" au "haikulipwa", na huko ni kumsingizia. Andika IS NULL kama ilivyo hapo. Ukiandika = NULL, sharti hilo halitakuwa kweli hata mara moja.

Tarakimu zako ziache palepale zilipo, na wala usishawishike kuhifadhi neno "haijalipwa" ndani ya hifadhidata. Msimbo ukiwa sehemu ya ombi la SELECT, yaani la kusoma data, unagusa kinachoonekana tu. Siku ya safari ikishapita, "haijalipwa" itageuka "haikulipwa" yenyewe bila mtu kugusa daftari. Neno lililohifadhiwa lingebaki na maana ya jana.

Ikiwa jedwali linasomwa kwenye simu na nafasi ni finyu, "tayari" na "bado" yanatosha, tena hayana upatanisho wa kukusumbua. Yatumie kwa safari ambazo hazijaondoka tu, kwa sababu "bado" haiwezi kusema "hakulipa".

Jumla za chini ya jedwali nazo ziangalie. Wengi huambia msimbo uongeze "ma-" idadi inapozidi moja. Jahazi litakuwa majahazi na dau litakuwa madau, lakini mashua, ngalawa na abiria hayabadiliki. Hifadhi umoja na wingi wa kila jina katika jedwali dogo la pembeni, msimbo uchukue kutoka huko. Na ukiandika idadi kwa maneno, kumbuka kwamba moja mpaka tano, pamoja na nane, hufuata ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazifuati: majahazi mawili, mashua mbili, abiria wawili, lakini majahazi sita na abiria sita. Hata ndani ya idadi kubwa upatanisho huo unabaki: abiria ishirini na wawili, majahazi kumi na mawili. Kwa jedwali, "abiria 22" ni salama na inasomeka upesi.

Sasa "zombo". Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ndivyo, na upatanisho wake ni zi-: zombo ziwili zimefika. Hilo si kosa, na tenzi za kale zimejaa zi- hiyo. Vitabu vina "vyombo viwili" kwa kuwa mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ripoti inayokwenda kusomwa na ofisi za mbali iandike kwa sanifu. Bango la gatini, linalosomwa na watu wa Amu wenyewe, liandike "zombo" bila wasiwasi, mradi ushikilie zi- mpaka mwisho wa sentensi, usije ukaandika "zombo viwili". Huhitaji hifadhidata mbili kwa hilo. Katika lile jedwali dogo la majina ongeza safu moja ya Kiamu, na msimbo wa bango usome safu hiyo.